Haki ya Kukosea: Mashine Pepe na Ufundishaji wa Kompyuta

Jambo ninalolileta mbele yenu lina sura ya ufundi, lakini kiini chake ni malezi. Katika maabara nyingi za kompyuta, kitu cha kwanza anachokisoma mwanafunzi mlangoni ni orodha ya makatazo: usisakinishe programu, usibadilishe mipangilio, usichomeke flashi yako, usiulize nenosiri la msimamizi. Makatazo hayo hayakuwekwa kwa uchoyo. Kompyuta ni chache, watumiaji ni wengi, na mmoja akivuruga mfumo endeshi asubuhi, darasa la mchana hukosa pa kufanyia kazi. Hata hivyo gharama yake ni kubwa kuliko tunavyokubali. Mtu anaweza kusoma kompyuta miaka mitatu, akafaulu na kutunukiwa cheti, bila kuwahi kushika mamlaka kamili juu ya mfumo endeshi hata mmoja. Tumemfundisha kutumia, hatukumpa nafasi ya kutawala. Kisha tunashangaa anapoajiriwa kusimamia seva ya hospitali au ya benki na mikono ikamtetemeka. Hoja yangu ni kwamba sababu ya makatazo hayo imekwisha kuondolewa na mashine pepe. Kwa hiyo kila mwanafunzi wa kompyuta apewe, tangu juma la kwanza, mfumo endeshi wake ndani ya mashine pepe, awe msimamizi wake mwenye mamlaka yote, na apewe ruhusa ya wazi ya kuuvunja.

Nianze kwa kueleza chombo chenyewe, kwa ajili ya wale ambao fani yao ni nyingine. Mfumo endeshi, uwe Windows, Linux au macOS, ni programu kuu inayogawa kumbukumbu, zamu za prosesa, diski na mtandao kwa programu nyingine zote. Kwa kawaida mfumo huo hukaa juu ya vifaa halisi. Mashine pepe ni kompyuta iliyoundwa kwa programu ndani ya kompyuta halisi, na ndani yake unaweza kusakinisha mfumo mwingine wowote unaolingana na prosesa iliyopo. Mfumo unaomiliki vifaa huitwa mwenyeji, na ule ulio ndani huitwa mgeni. Kati yao hukaa haipavaiza, yaani programu ya usimamizi inayompa mgeni fungu la kumbukumbu, muda wa prosesa, kadi ya mtandao ya kubuni, na diski ambayo machoni pa mwenyeji ni faili tu. Mgeni huwaka, huikuta diski, huigawa, huandika juu yake na huendesha programu zake kama aliye peke yake. Faida zote nitakazozitaja zinatokana na ukweli huo mmoja kwamba kompyuta nzima imekuwa faili. Faili hunakiliwa, hubebwa kwenye flashi na hufutwa. Tena haipavaiza inaweza kuhifadhi picha ya hali ya mgeni kabla ya jaribio la hatari, na baada ya maafa kumrudisha palepale alipokuwa, kwa dakika chache.

Watu wengi wamelisikia jambo hili kupitia biashara ya huduma za wingu, wakadhani lilibuniwa kwa ajili ya makampuni makubwa ya intaneti. Historia yake inasema vingine, na inaiunga mkono hoja yangu. Mwaka 1964, katika kituo cha kisayansi cha IBM mjini Cambridge, Massachusetts, kikundi kilichoongozwa na Robert Creasy kilianza kuunda mfumo ulioitwa CP-40. Ulianza kutumika mwaka 1967 juu ya kompyuta ya System/360 Model 40 iliyofanyiwa marekebisho maalumu, na uliweza kuigawa mashine hiyo moja kuwa mashine pepe 14, kila mtumiaji akiona yake kama kompyuta kamili. Mrithi wake, CP-67, alifanya kazi ya ajabu zaidi. Wahandisi wa IBM walipokuwa wakitayarisha kompyuta za System/370 zenye mbinu mpya ya kumbukumbu, waliirekebisha CP-67 ili iige mashine hizo kabla hazijawa tayari, wakaandika na kuzijaribu programu za kompyuta ambayo bado haikuwapo. Tarehe 2 Agosti 1972 kampuni hiyo ilitangaza VM/370, mfumo ulioweza hata kujiendesha wenyewe kama mgeni ndani yake, kiasi kwamba waundaji wake walijaribu toleo jipya ndani ya toleo la zamani bila kuwasimamisha watumiaji wengine. Hao walikuwa wataalamu wa juu kabisa wa zama zao, wakiwa na kompyuta chache za gharama kubwa na watu wengi wanaozihitaji. Walipopungukiwa na mashine hawakuzidisha makatazo. Walijitengenezea mahali ambapo kosa la mtu mmoja halimfikii mwenzake. Hali yao ya miaka ya 1960 ndiyo hali ya maabara zetu leo.

Je, tunajuaje kwamba anachojifunza mtu ndani ya mashine pepe ni kweli? Swali hili lilijibiwa kinadharia mwaka 1974, Gerald Popek na Robert Goldberg walipochapisha masharti ambayo haipavaiza sharti iyatimize. La kwanza ni usawa: programu ndani ya mashine pepe itende kama ambavyo ingetenda juu ya vifaa halisi, isipokuwa tofauti za muda na za kiasi cha rasilimali. La pili ni udhibiti: haipavaiza isinyang'anywe usimamizi wa vifaa, mgeni afanye afanyavyo. La tatu ni ufanisi: sehemu kubwa ya amri za mgeni ziende moja kwa moja kwenye prosesa bila kutafsiriwa. Mbinu iliyo nyuma ya masharti hayo ni nyepesi kuielewa. Mgeni huendeshwa katika hali isiyo na mamlaka. Kila anapotoa amri nyeti, kwa mfano ya kubadili ramani ya kumbukumbu, prosesa hukatiza kazi na kumwita haipavaiza, naye hutekeleza kwa niaba ya mgeni ndani ya mipaka aliyomwekea. Mwalimu akiyasoma masharti hayo kwa jicho la kazi yake, ataona kwamba ni masharti ya mafunzo bora. Usawa unahakikisha kwamba kilichojifunzwa kitafaa nje ya darasa. Udhibiti unahakikisha kwamba kosa halimwagiki. Ufanisi unahakikisha kwamba mwanafunzi hakati tamaa akisubiri.

Masharti hayo yalichelewa kutufikia kwa sababu ya kasoro ya prosesa zilizoenea madukani. Katika familia ya x86, iliyobeba karibu kompyuta zote za mezani, kulikuwa na amri nyeti ambazo zikitolewa na asiye na mamlaka hazipigi kelele. Amri ya POPF ni mfano: mgeni akijaribu kuzima ishara zinazokatiza prosesa, amri inapita kimya na badiliko halifanyiki, wala haipavaiza haipati habari. Uchambuzi wa John Scott Robin na Cynthia Irvine wa mwaka 2000 ulihesabu amri 17 za namna hiyo katika prosesa ya Pentium. Kampuni ya VMware, iliyoanzishwa mwaka 1998, ilikuwa imekwisha kulizunguka tatizo hilo kwa kuzitafsiri amri za kiini cha mgeni, yaani sehemu ya ndani kabisa ya mfumo endeshi wake, papo hapo kabla hazijatekelezwa, na mwezi Mei 1999 ikatoa programu iliyofanya kazi kwenye kompyuta za kawaida. Kisha Intel mwaka 2005 na AMD mwaka 2006 zikaingiza msaada wa mashine pepe ndani ya prosesa zenyewe. Mwanzoni mwa mwaka 2007 haipavaiza ya KVM ikawa sehemu ya Linux, na mwaka huohuo VirtualBox ikatolewa kama programu huria. Tangu hapo, kilichokuwa cha mashine za bei ya mamilioni kimo katika kompyuta mpakato za kawaida, na chombo cha kukitumia hakiuzwi. Katika kompyuta nyingi uwezo huo umezimwa tu katika mipangilio ya BIOS, na kuuwasha ni kazi ya dakika moja. Tunaweza basi kuwa na maabara iliyojaa uwezo ambao hakuna aliyeuwasha.

Ushahidi kwamba mbinu hii inafundisha unapatikana katika vyuo ambavyo havina shida ya fedha. Mwaka 2006 walimu wa somo la mifumo endeshi katika chuo cha MIT waliandika mfumo mdogo uitwao xv6, unaofuata muundo wa toleo la sita la Unix la mwaka 1975. Mwanafunzi anapewa msimbo wake wote, anaubadilisha, anauendesha ndani ya QEMU, chombo kilichoanzishwa na Fabrice Bellard mwaka 2003. Mwaka 2019 somo hilo lilihamia kwenye prosesa za RISC-V, ambazo wanafunzi wengi hawakuwa nazo mezani, na halikuhitaji kununua hata moja, kwa kuwa QEMU huiga prosesa nyingine kwa kutafsiri amri zake. Uigaji wa namna hiyo ni wa polepole kuliko mashine pepe inayoendeshwa moja kwa moja, lakini kwa mfumo mdogo wa kufundishia unatosha kabisa. Chuo cha Stanford nacho kiliunda mfumo wa Pintos kwa ajili ya somo kama hilo, nao ulikusudiwa kuendeshwa ndani ya viigaji vya aina hiyo. Wanafunzi wa masomo hayo huangusha viini vya mifumo yao mara kwa mara, na kila kuanguka ni hatua ya kazi: wanasoma ujumbe wa kosa, wanautafuta mstari uliokosewa, wanaanza tena baada ya sekunde. Naomba tulizingatie hili vizuri. Vyuo vyenye uwezo wa kumnunulia kila mwanafunzi kompyuta ya kuharibu vimechagua mashine pepe kwa ubora wake. Kwa hiyo tukiichagua sisi, hatutakuwa tumejiridhisha na mbadala wa wasio nacho.

Sasa tutazame kile hasa ambacho mwanafunzi hukipata anapopewa mamlaka hayo. Akiifuta programu ya kuwashia, anagundua kwamba kati ya kubonyeza swichi na kuona ukurasa wa kuingilia kuna ngazi kadhaa, na kila ngazi ina wajibu wake. Akiijaza diski mpaka baiti ya mwisho, anaona jinsi hifadhidata inavyoanguka, jinsi rekodi za mfumo zinavyokatika, na jinsi hata kuingia kunavyoweza kushindikana. Akizibadili ovyo ruhusa za mafaili, anaelewa kwa nini ruhusa hizo ziliwekwa. Akiandika kanuni mbaya ya kinga ya mtandao na kujifungia nje ya seva yake mwenyewe, hataisahau tena tabia ya kuacha njia ya kurudi kabla ya kufunga mlango. Akisakinisha wageni watatu katika kompyuta moja, mmoja akawa ruta, wa pili seva, wa tatu mteja, amepata maabara ya mtandao isiyo na nyaya wala vifaa vya kununua. Akisakinisha Debian leo, FreeBSD kesho na FreeDOS mwishoni mwa juma, anaanza kutofautisha yaliyo ya kompyuta na yaliyo mazoea ya kampuni moja. Mafunzo hayo hayapatikani kwa kusoma kitini. Fundi cherehani humfundisha mwanagenzi kukata kwa kumpa vitambaa chakavu, na hamwachii kitenge cha mteja mpaka mkono umekomaa; ambaye hakuwahi kupewa kitambaa chochote hatakomaa kwa kutazama. Mashine pepe ndiyo vitambaa vyetu chakavu, na tunavyo bila kikomo.

Pingamizi la kwanza, nalo ni la haki, linahusu uwezo wa vifaa. Itasemwa kwamba kompyuta zetu ni kuukuu na kwamba mifumo miwili kwa pamoja itazilemea. Pingamizi hili lina nguvu iwapo tunafikiria kuweka Windows 11 ndani ya Windows 11, kwa kuwa mfumo huo unadai angalau gigabaiti 4 za kumbukumbu na 64 za diski. Lakini mfumo wa kujifunzia hauna haja ya mapambo. Debian isiyo na mazingira ya picha inatosheka na megabaiti 512 za kumbukumbu, Alpine Linux inahitaji pungufu ya hapo, na FreeDOS huwaka kwa megabaiti chache. Kompyuta yenye gigabaiti 8 itawabeba wageni watatu wa namna hiyo na mwenyeji akabaki na nafasi ya kupumua. Palipo na kompyuta dhaifu zaidi, seva moja yenye gigabaiti 64, hata ikiwa ya mtumba, inaweza kuwahifadhi wageni wapatao 60 wa megabaiti 512 huku nusu ya kumbukumbu ikibaki akiba. Wanafunzi wakaingia kwa dirisha la amri kutoka kwenye mashine yoyote iliyopo. Diski nayo si kikwazo. Haipavaiza huruhusu wageni wengi kutumia taswira moja ya msingi ya diski isiyobadilika, na faili ya kila mwanafunzi ikahifadhi tu yale aliyoyabadilisha. Wala hakuna haja ya kila mmoja kupakua kutoka intaneti, kwani mwalimu akipakua mara moja, taswira husambazwa kwa mtandao wa ndani wa maabara au kwa flashi. Kwa hiyo uhaba, unaotajwa kama sababu ya kukataa, ndio unaoipa mbinu hii uzito.

Pingamizi la pili ni la kifalsafa zaidi, nami ninaliheshimu. Linasema kwamba kosa lisilo na hasara halifundishi. Kwamba mtu huwa makini pale tu anapokuwa na kitu cha kupoteza, na mwanafunzi aliyezoea kurudisha picha ya hali atakuwa mzembe mbele ya seva halisi. Wanaosema hivyo wanaweza kumtaja Linus Torvalds. Mwaka 1991 mjini Helsinki alikuwa akiunda Linux kwenye kompyuta yake ya 386 akitumia mfumo wa Minix, na amesimulia mwenyewe jinsi alivyokosea siku moja akaielekeza amri ya kupiga simu kwa modemu kwenye diski, akaiharibu sehemu iliyokuwa na Minix; badala ya kuisakinisha upya, aliamua kuendelea na Linux peke yake. Hasara halisi ilizaa uamuzi mkubwa. Hata hivyo kisa hicho kinathibitisha jambo jingine: kompyuta ile ilikuwa yake. Alikuwa na haki ya kuiharibu, na hakuna mwenzake aliyekosa somo kwa sababu hiyo. Mwanafunzi wa maabara ya pamoja hana haki hiyo, na njia pekee ya kumpa ni kumpa mashine ambayo ni yake kweli. Ama kuhusu uzembe, tiba yake imo katika namna tunavyopima. Mwanafunzi akitakiwa kuandika alichokuwa akijaribu, kilichotokea, na alivyogundua chanzo kabla ya kuruhusiwa kurudisha picha ya hali, kosa litakuwa na gharama inayofundisha, yaani fikra na muda wake, bila kuwaumiza wengine. Hofu humfanya mtu asiguse kitu. Umakini hutokana na kujua kitu kinavunjikaje.

Wapo pia wanaosema kwamba mashine pepe si kitu halisi, na kwamba mhitimu atakutana na vifaa vya kweli. Vifaa vifundishwe, hilo silipingi: mtu ajue kubadilisha diski, kusafisha feni na kuupima usambazaji wa umeme. Lakini tujiulize mhitimu huyo atakutana na nini kazini. Amazon ilipoanza kukodisha seva mwaka 2006 kwa huduma yake ya EC2, ilichokodisha kilikuwa mashine pepe, zikiendeshwa na haipavaiza ya Xen iliyotoka katika utafiti wa Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza. Tangu wakati huo utaratibu huo umekuwa wa kawaida katika vituo vya data duniani kote. Seva atakayokabidhiwa mhitimu ina uwezekano mkubwa wa kuwa mgeni ndani ya mashine asiyoiona. Atakutana vilevile na ofisi ambayo programu yake ya hesabu iliandikwa zama za Windows XP, mfumo ambao Microsoft iliacha kuutunza tarehe 8 Aprili 2014, na atatakiwa kuihifadhi programu hiyo bila kuihatarisha ofisi nzima. Njia ya busara ni kuiweka XP ndani ya mashine pepe iliyotengwa na mtandao. Aliyejifunzia ndani ya mashine pepe amejifunzia mahali pa kazi penyewe.

Pingamizi la usalama lina ukweli ambao sipaswi kuufunika. Ukuta kati ya mgeni na mwenyeji umewahi kutoboka. Mwezi Mei 2015 ilitangazwa kasoro iliyopewa jina la VENOM, iliyokuwa katika kidhibiti cha kubuni cha diski laini ndani ya QEMU tangu mwaka 2004, na ambayo ingeweza kumtoa mgeni ndani ya mipaka yake. Mwezi Januari 2018 zikatangazwa Meltdown na Spectre, zilizoonyesha kwamba prosesa zenyewe zingeweza kuvujisha siri kati ya wale waliodhaniwa wametenganishwa. Kasoro hizo zilihitaji ustadi wa hali ya juu kutumiwa, nazo zilitolewa masasisho. Kosa la kawaida la mwanafunzi halina uwezo wa kutoboa ukuta huo. Hatari iliyo karibu zaidi ni mwanafunzi mwenye mamlaka yote ndani ya mgeni aliyeunganishwa moja kwa moja na mtandao wa chuo, akaanza kuchungulia kompyuta za wengine. Dawa yake inajulikana. Wageni wawekwe katika mtandao wa ndani unaoishia kwenye mwenyeji, makabrasha ya pamoja yafungwe, masasisho ya haipavaiza yasicheleweshwe, na virusi visichunguzwe katika mashine iliyounganishwa na chochote. Pamoja na hayo, mwanafunzi afundishwe tangu mwanzo mipaka ya sheria, kama Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 kwa Tanzania au ile ya mwaka 2018 kwa Kenya. Tukifanya hivyo tutakuwa na ulinzi imara kuliko wa sasa, ambapo kinachomtenganisha mdadisi na mfumo wa chuo ni nenosiri moja linalojulikana na watu wengi.

Lipo suala la leseni na utegemezi. Kuweka mfumo ndani ya mashine pepe hakumfutii mtu wajibu wa kuulipia: nakala ya Windows ndani ya mgeni inahitaji leseni yake, na masharti ya Apple yanaruhusu macOS kuendeshwa kama mgeni juu ya kompyuta za Apple peke yake. Hata haipavaiza inaweza kubadilika mkononi mwa mwenye nayo. Mwezi Novemba 2023 Broadcom ilikamilisha ununuzi wa VMware, na mwezi uliofuata ikakomesha uuzaji wa leseni za kudumu ili wateja walipie kwa vipindi. Chuo kisijenge mtaala wake juu ya kitu kinachoweza kupandishwa bei na uamuzi wa kikao cha mbali. KVM na QEMU ni programu huria, na msingi wa VirtualBox pia ni huria, ingawa nyongeza zake zina leseni tofauti inayopaswa kusomwa kabla ya kusakinishwa. Linux na jamii ya BSD hazina ada. Mtaala mzima ninaoupendekeza unaweza kuendeshwa bila kulipia leseni hata moja na bila kuiba hata moja, nalo hilo la pili lina thamani ya malezi pia.

Wengine watauliza kama njia nyingine hazitoshi. Kuweka mifumo miwili kwenye diski moja na kuchagua mmoja wakati wa kuwasha ni njia nzuri kwa mwenye kompyuta yake, lakini kosa moja la kugawa diski huiangusha mifumo yote miwili, na ndilo kosa ambalo mwanafunzi analazimika kulifanya ili ajifunze. Linux inayowaka kutoka kwenye flashi inafaa kwa kuonja; hairuhusu kuendesha mashine tatu kwa pamoja. Makontena ya Docker ni mepesi na lazima yafundishwe, ila hushirikiana kiini kimoja na mwenyeji, hivyo anayetaka kukielewa kiini chenyewe hatakifikia kwa njia hiyo. Kukodisha wingu kunahitaji intaneti isiyokatika na kadi ya malipo ya kimataifa, na kunamficha mwanafunzi sehemu ya usimamizi ambayo nataka aione. Mashine pepe iliyo mezani ndiyo pekee inayokusanya yote: mamlaka kamili, mifumo ya aina nyingi, gharama ndogo, na kosa linalofutika.

Ninachokiomba kinaweza kuanza muhula ujao. Mafundi wa maabara wawashe msaada wa mashine pepe katika BIOS ya kila kompyuta inayouweza, mara moja, mwanzoni mwa mwaka. Walimu watayarishe taswira moja ya msingi na mwongozo wake kwa Kiswahili chepesi. Kila mwanafunzi akabidhiwe nenosiri la msimamizi wa mgeni wake siku ya kwanza ya vitendo. Picha ya hali isichukuliwe kuwa akiba ya kazi, kwani diski ikifa au umeme ukikatika vibaya vyote huenda pamoja. Mwanafunzi ajifunze kunakili kazi yake kwingine. Hatimaye, na hapa ndipo palipo mtihani wetu sisi walimu, tubadilishe upimaji. Badala ya kumwuliza mwanafunzi ataje majukumu matano ya mfumo endeshi, tumpe mashine pepe iliyovurugwa kwa makusudi, isiyowaka au isiyofikia mtandao, tumpe saa mbili, kisha tumpe alama kwa jinsi alivyochunguza na kuieleza hitilafu, hata kama hakufika mwisho. Atakayefaulu mtihani wa namna hiyo ataaminika mbele ya seva ya hospitali usiku wa manane. Tumewanyima vijana haki ya kukosea kwa sababu kosa lilikuwa ghali. Bei hiyo imeshuka karibu na sifuri tangu miaka mingi iliyopita, na kuendelea kuwatoza ni uamuzi wetu wenyewe, ambao tunaweza kuubatilisha.